MJADALA: Laurel alimsaliti Dix, au alijiokoa?

Mleta mada

Wadau wa filamu za zamani, nimerudia kuitazama In a Lonely Place, ile ya mwongozaji Nicholas Ray ya mwaka 1950, na sikubaliani na wanaosema mapenzi ya Laurel na Dix yaliuliwa na shaka. Kwa ambaye hajaiona, nitaisimulia hadi mwisho, kwa hiyo ajiandae.

Dixon Steele, anayechezwa na Humphrey Bogart, ni mwandishi wa miswada ya filamu kule Hollywood. Usiku mmoja anakwenda nyumbani na msichana anayetunza makoti mgahawani, ili msichana amsimulie kitabu ambacho Dix mwenyewe hana hamu ya kukisoma. Msichana anaondoka, na baadaye anakutwa ameuawa. Jirani wa Dix, Laurel Gray (Gloria Grahame), anawaambia polisi kwamba alimwona msichana akitoka. Mapenzi yanaanzia hapo, huku polisi wakiendelea kumwandama Dix. Mwishowe inajulikana kuwa muuaji ni mpenzi wa marehemu. Simu ya kumsafisha Dix inaita wakati ambapo mikono yake imetoka tu kwenye koo la Laurel.

Sasa swali. Kwa kuwa Dix hakuua, Laurel alikosea kumshuku? Mimi nasema hakukosea hata kidogo. Polisi walikuwa wanauliza: aliua? Laurel alikuwa anauliza: ataniua? Watazamaji wengi wanachukua jibu la swali la kwanza na kulifutia la pili. Kumbukeni barabarani: magari yamekwaruzana, Dix anashuka, anampiga kijana wa watu hadi anaanguka, kisha anaokota jiwe. Asingepiga kelele Laurel, lile jiwe lingetua kichwani. Hiyo hakuambiwa na polisi, aliiona kwa macho yake.

Kijana wa Mikindani

Ndugu mleta mada, unamhukumu mtu kwa siku yake mbaya kuliko zote. Dix anaandamwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Rafiki yake wa jeshini, Brub, ndiye askari anayemkaribisha chakula nyumbani huku anamchunguza. Siku hiyohiyo ya jiwe, wakiwa ufukweni, mke wa Brub anateleza ulimi: kumbe Laurel aliitwa tena na kapteni wa polisi, Lochner, na hakumwambia mwenzake. Nani asingewaka?

Na huyo Laurel mnayemtetea alipokea pete huku anatafuta tiketi ya ndege ya kwenda New York. Muswada wa Dix aliutoa kwa wakala anayemtafutia kazi bila yeye kujua. Anayekupenda kweli anakukalisha chini mnazungumza. Msisahau pia kwamba yule kijana aliyepigwa, Dix alimtumia fedha. Mtu katili hafanyi hivyo. Fitina ilitoka kwa kapteni, Laurel akaipokea.

Mama Wawili

Mdogo wangu, "anakukalisha chini mnazungumza" ni rahisi kuandika. Hebu rudi asubuhi ya jikoni. Laurel ameamka mzito wa dawa za usingizi, maana bila dawa halali tena. Anamkuta Dix anaandaa kifungua kinywa. Kile kisu cha kukatia balungi hutengenezwa kikiwa kimepinda, yeye amekinyoosha akidhani kimeharibika. Ana furaha kwelikweli. Anamwambia Laurel kwamba onyesho zuri la mapenzi halihitaji watu watamke kuwa wanapendana: mtu akiwaona wao tu, mmoja anakata balungi, mwingine kakaa na usingizi machoni, atajua. Na huyo mwenye usingizi machoni anamwogopa! Kisha Dix anataka ndoa, na anataka jibu hapohapo. Laurel anasema ndiyo.

Nionyeshe ni sehemu gani ya asubuhi ile mwanamke angesema "hapana, nakuogopa" na akawa na hakika ya kutoka salama. Uongo wake ulianza pale ukweli ulipokuwa hatari.

Kuhusu fedha: alituma, ndiyo. Baadaye akampiga wakala wake mgahawani mbele ya watu, mtu mzima aliyemvumilia miaka yote. Anapiga, anajuta, anapiga tena. Wako wanawake wengi wanaoujua mzunguko huo, na hakuna filamu iliyowafundisha.

Msoma Riwaya

Linganisheni na Suspicion, filamu ya mwongozaji Hitchcock, 1941. Joan Fontaine anaamini mumewe, Cary Grant, atamwekea sumu. Mume anapanda ngazi na glasi ya maziwa inayong'aa gizani, kwa sababu Hitchcock aliweka taa ndani ya glasi. Katika riwaya ya Francis Iles iliyozaa filamu hiyo, mume ni muuaji kweli. Katika filamu mke anaambiwa alimdhania bure, naye anajilaumu. Mwisho huo unanikera, kwa kuwa mume yule ni mwongo na mwizi wa fedha tangu mwanzo, na shaka ya mkewe haikuzuka hewani.

Mleta mada

Dada Mama Wawili, jikoni umenimalizia kazi. Niongeze moja tu. Katika muswada wa awali Dix anamnyonga Laurel hadi anakufa, na Ray alikwisha kuurekodi mwisho huo. Hakuridhika nao, akautengeneza mwingine palepale na waigizaji wake. Grahame wakati huo alikuwa mke wake, na ndoa yao ilikuwa inavunjika. Naona mwisho mpya ni mkali kuliko wa kwanza. Angeuawa Laurel, tungesema polisi walikuwa sahihi, tukalala. Badala yake Dix ni msafi mbele ya sheria, na mwanamke bado anashika shingo yake. Polisi wanapiga simu kuomba radhi, Laurel anajibu kwamba jana habari hiyo ingekuwa na maana kubwa sana kwao, leo haina tena.

Ndugu yangu wa Mikindani, naheshimu hoja yako ya pete na tiketi, ila bado hujamjibu dada. Baada ya kuliona lile jiwe, Laurel angemwambia Dix kwamba anamwogopa lini, wapi, na nani akiwa karibu?