Tupeane uzoefu: besdei za watoto, Halloween na Thanksgiving zikigongana msimu mmoja

Mama Watatu (Texas)

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa sisi tunaolea ughaibuni, hasa Marekani na Kanada. Wa nyumbani karibuni mchungulie na mtucheke.

Wanangu watatu wote wamezaliwa msimu huu wa majani kupukutika. Wa kwanza Septemba 3, wa kati Oktoba 30, kitinda mimba Novemba 24. Hujamaliza deni la madaftari na viatu vya shule, keki ya kwanza hiyo. Ukigeuka, pipi za Halloween, ile siku ya Oktoba 31 watoto wanavaa nguo za kuigiza na kuomba pipi. Ukikohoa, bata mzinga wa Thanksgiving, sikukuu ya shukrani. Krismasi inakukuta umeshachakaa.

Huyu wa Septemba alianza kunitesa kabla hata hajajua kuongea vizuri. Hapa Texas mtoto anaanza shule kama ametimiza miaka 5 ifikapo Septemba 1. Wangu kapitwa na siku mbili, kasubiri mwaka mzima, na mwaka huo kituo cha kulelea watoto nililipia mimi. Dada yangu yuko jiji la New York, kule wanaangalia mwaka wa kuzaliwa tu, wa kwake wa Novemba aliingia bila shida yoyote. Leo wangu ndiye mkubwa darasani, katulia, masomo yanapanda, kwa hiyo sina ugomvi tena. Ila ile hela ningeipenda irudi.

Wa Oktoba 30 ni rahisi. Wageni wake wanakuja wamevaa nguo zao za Halloween, mmoja buibui, mmoja daktari, na mapambo yanakuwa yameshatundikwa mtaa mzima bure.

Kazi iko kwa huyu wa mwisho. Thanksgiving ya hapa ni Alhamisi ya nne ya Novemba, inazunguka kati ya tarehe 22 na 28. Mwaka 2022 ikaangukia 24 yenyewe. Nikasema basi, bata mzinga na keki meza moja, ukoo wote na marafiki wa kanisani mara moja. Siku hiyo ndipo tulipoanza utaratibu ambao hatujauacha: kabla ya kula, kila mtu anamshukuru mtu mmoja aliyepo pale mezani, kwa jambo moja alilomfanyia mwaka huo. Zile za "namshukuru Mungu kwa uzima" huku mkono uko kwenye kijiko cha wali, hapana. Mkubwa akamwambia mdogo wake, "Asante kwa kuniamsha siku zile, basi la shule lingeniacha." Halafu akamgeukia baba yake bila kupangwa: "Na wewe asante kwa kuja kwenye mechi na nguo za kazi." Mzee wa watu akaanza kutafuta chumvi, na chumvi iko mbele yake.

Nyie mnafanyaje? Mnaunganisha, au kila mtoto na siku yake?

Zamu ya Usiku (Minnesota)

Mama Watatu hongera kwa kupanga uzazi kwa msimu mmoja, maana hiyo nayo ni kazi.

Sisi Thanksgiving yetu ni Jumamosi. Mimi na mwenzangu wote tunahudumia wazee, na Alhamisi ile kazini tunalipwa mara moja na nusu ya siku ya kawaida. Nani aiache? Wanangu wamekua wakijua Thanksgiving ni Jumamosi. Mwalimu alipomuuliza wa pili sikukuu ni lini, akajibu kwa kujiamini kabisa, darasa zima likacheka, akarudi nyumbani kanuna. Nikamwambia wenzako wanasherehekea na mama zao wamechoka, wewe unasherehekea na mama mwenye hela.

Kuna kitu hamjakitaja: kumwagiwa maji. Besdei bila ndoo ya maji kwa mtu wa Mbeya haijakamilika. Sasa kamwage maji nje Minnesota mwezi wa kumi na moja uone kama hujaitiwa watu wa ustawi wa jamii. Mjomba wao akatafuta njia, anawamwagia bafuni, maji ya uvuguvugu, wamevaa nguo zao za sherehe. Wanapiga kelele jengo zima linasikia. Majirani sasa hivi wanajua, mmoja aliuliza mwaka huu ni lini.

Mwana Kigoma (Kentucky)

Mimi ni Mkongomani wa Fizi, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu. Nasoma hapa nyinyi mnagombana na tarehe za Oktoba na Novemba, nacheka peke yangu. Kwetu wakubwa karibu wote tumezaliwa Januari 1. Wakati wa kuandikishwa, asiyejua tarehe anaandikiwa hiyo, na vitambulisho vya Marekani vikaifuata. Kanisani kwetu ukisema "waliozaliwa mwaka mpya wasimame" viti vinabaki na watoto tu.

Watoto wangu wamezaliwa hapa, cheti kina mpaka dakika. Binti yangu wa miaka 9 hakulielewa jambo la bibi yake hata kidogo. "Bibi, kweli hujui?" Mama akamwambia anachokijua: mama yake alimwambia mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, watu wako shambani. Binti akaingia kwenye kompyuta, akatafuta mvua huanza lini huko Kivu ya Kusini, akarudi na jibu kwamba ni Septemba. Akachagua Jumapili moja ya Septemba, akamtangazia bibi kuwa ndiyo siku yake.

Tukanunua keki. Muuzaji anauliza tuandike namba gani juu. Tukaangaliana. Mama akasema, "Andikeni Mama, inatosha." Alikula kipande chake polepole, kisha akadai na cha mtu mwingine. Sasa kila Septemba anatukumbusha yeye mwenyewe, tena wiki mbili kabla, na zawadi anaitaja kwa jina.

Bandari ya Salama (Dar)

Huku Novemba ni mitihani ya kidato cha nne, na mvua, na foleni. Keki tunaisikia kwa jirani. Endeleeni.

Bi Mkubwa wa Unguja (Toronto)

Wanangu, sie Kanada twawatangulia. Thanksgiving ya huku ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, basi mume wangu akaona ni sababu ya kuhutubia meza nzima mpaka wali ukapoa.

Mambo ya mishumaa nyumbani kwangu sifanyi, kila mtu na itikadi yake, simsemi mtu. Mjukuu akitimiza mwaka twasoma dua, twawaita watoto wa jengo, twawalisha, na zawadi yake anapewa. Hajawahi kulalamika kuwa kapunjwa. Analalamika kwamba kaimati ziliisha.

Kwa anayepika bata mzinga mara ya kwanza nisikilizeni. Kama mwataka wa halali mwambieni muuza nyama mapema, wiki ya mwisho hamumpati. Akiwa wa barafu, myeyusheni ndani ya friji, si juu ya kabati la jikoni. Kila kilo mbili na ushei zataka siku nzima. Mkubwa wa kilo saba na zaidi aingie friji siku nne kabla. Kisha mpakeni thomu, tangawizi, ndimu, pilipili manga na bizari, alale nayo usiku kucha. Hawa wenyeji nyama yao huitia chumvi na jani moja, kisha wakaimwagia mchuzi mzito juu ili ishuke kooni. Ndani ya paja kipimajoto kisome 74 za selsiasi, chini ya hapo mrudisheni jikoni hata wageni wakilia. Mifupa msitupe. Supu yake ndiyo ya kupikia pilau kesho yake, na hiyo pilau ndiyo sikukuu yenyewe kwangu.

Mama Watatu

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimenakili yote. Kaimati na bata mzinga meza moja, nitakuja Toronto.

Baba wa Massachusetts

Niongeze kidogo tu. Watoto wanafundishwa karamu ya 1621, wahamiaji wa Plymouth na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa hapo, wakila pamoja, mwisho wa hadithi. Wangu nawaambia na inayofuata. Toka 1970 watu wa makabila ya asili hukusanyika hapo Plymouth siku hiyohiyo ya Thanksgiving kuomboleza, na tumeshawahi kwenda kusikiliza kabla ya kurudi nyumbani kula. Kijana wangu aliuliza kama tunaruhusiwa kula sasa. Nikamwambia tunakula, na tunajua. Hata Alhamisi rasmi ni mambo ya baadaye, Rais Lincoln alitoa tangazo lake 1863 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na sheria ya Alhamisi ya nne ni ya 1941.

Kwetu Bukoba sisi Walutheri tulikuwa na sikukuu ya mavuno, mikungu ya ndizi mbele ya altare, halafu mnada nje, jogoo anauzwa mara tatu na kila mnunuzi anamrudisha auzwe tena. Hiyo ndiyo shukrani ninayoielewa bila kufafanuliwa.

Zamu ya Usiku

Baba wa Massachusetts umenikumbusha yule jogoo. Alikuwa anajengea kanisa peke yake.

Mzee wa Ndafu (Houston)

Bata mzinga ni mkavu, tuambiane ukweli, hata Bi Mkubwa anamwokoa kwa thomu. Mimi Mchaga. Mwanangu akitimiza miaka, mbuzi mzima anabanikwa, anasimamishwa mezani na majani mdomoni, tunamkata kama keki na kulishana. Nje ya mji kuna wafugaji wanauza, unachagua mwenyewe. Mara ya kwanza rafiki wa mwanangu wa shuleni alimwona yule mbuzi kasimama anamwangalia, akaomba kumpigia simu mama yake. Mama akaja. Akaonja. Siku hizi anauliza tarehe.

Mama Watatu

Jamani nimecheka hadi machozi. Mniruhusu niongeze mawili kwa wenye watoto wadogo.

Kashata za karanga msipeleke shuleni. Shule nyingi hazitaki karanga kwa sababu ya watoto wenye mzio, na nyingine hazipokei chochote cha kupikwa nyumbani, zinataka cha dukani chenye orodha ya viungo. Ulizeni kwanza.

La pili ni bibi wa kwenye simu. Shuleni mtoto wangu alichora kiganja chake kikawa bata mzinga, kila kidole ni unyoya wa kuandika anachoshukuru. Kaandika mama, baba, mbwa wa jirani, chipsi, na kwenye kidole gumba: bibi wa simu. Kwa hiyo nikaanza kupanga sherehe kwa saa za bibi. Jumapili ya kwanza ya Novemba huku saa zinarudishwa nyuma, tofauti yetu na Dar inatoka saa 8 inakuwa 9. Keki ya saa nane mchana huku, kule ni saa tano usiku, bibi kashalala. Ya Novemba 24 tunaikata saa nne asubuhi, kule ni saa moja usiku, ametoka kuswali na ana nguvu za kuimba beti zote. Watoto wanakula keki kabla ya chakula, na hakuna aliyewahi kulalamikia hilo.

Mzee wa Ndafu, huyo mfugaji naomba unielekeze faragha. Mume wangu kasoma uzi huu na ameshaanza kuulizia mkaa.