Kajitazama kwenye kioo changu, katoa nyama jinoni, kisha kaniandikia elfu 30 kwa kioo hichohicho

Wadau, msinipe pole kwanza, nipeni maji.

Nimepaki pembeni, hazadi zinawaka, mikono inatetemeka kama nimemaliza birika zima la kahawa ya Kariakoo. Nimeandikiwa sasa hivi, meseji yenye kontrol namba bado ya moto. Elfu thelathini. Kosa: tinted, yaani vioo vya giza.

Aliyeniandikia mnamjua, simtaji. Ni yule wa mataa ya njia ya Bagamoyo, anayekaa chini ya mti kama muuza madafu. Humuoni mpaka umeshampita, ndipo anatokea kwenye saiti mira. Yule ambaye kitambi kinasimamisha gari kwanza, mwenyewe anafika dakika mbili baadaye. Kama unaendesha Dar na humjui, basi hilo gari umeazima jana.

Sikilizeni sasa. Nimesimama, nimeshusha kioo chote. "Shikamoo afande." Kaitikia "Marahaba." Wadau, MARAHABA, uso kwa uso, mpaka harufu ya kitunguu nimeipata. Halafu ananiuliza, "Mbona dereva sikuoni?"

Nikamwambia afande, si tunaongea? Akasema, "Nakuona kwa sababu umeshusha. Hebu pandisha." Nikapandisha. Kimya.

Nasubiri aseme neno, hasemi. Kugeuka, namkuta baba wa watu kainama kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Kofia kaivua kaiweka juu ya paa la gari LANGU. Anapanga masharubu kwa kidole, kushoto, kulia, anarudi kushoto. Kisha akaachama, akaingiza ukucha wa kidole cha mwisho, akachokonoa mpaka kikatoka kipande cha nyama. Akakitazama. Akakirudisha mdomoni.

Mimi niko ndani, tumeachana unene wa kioo tu, nahesabu magego. Yeye hanioni.

Alipomaliza akavaa kofia, akagonga kioo KILEKILE, akaniambia, "Kijana, vioo hivi ni hatari. Mtu haonekani ndani." Kisha akatoa kile kimashine.

Kimashine kinatafuta mtandao, ikapita V8 ya serikali, namba za STK, vioo vyeusi kama sufuria la pilau la msibani. Huyu mwenzangu mpaka kitambi kilisimama wima. Saluti.

Gari langu ni IST, limetoka Japani hivyohivyo lilivyo. Na jua la Februari hili mnalijua, ukikaa foleni bila tinted mkono wa kulia unakuwa wa mtu mwingine. Lakini sina hoja nyingi leo. Hoja yangu ni ile nyama. Mtu umejitazama kwangu bure, umejipendezesha bure, umechokonoa meno bure, halafu mimi ndiye nalipa? Hata kinyozi kioo chake unakilipia!

Nawasilisha. Nikipoa nitaendelea.

Kobe wa Goba: Nimefika pale "akakirudisha mdomoni", nimeweka chapati chini. Mkuu ungetuonya mapema.

Chuma Chakavu: Elfu 30 ndiyo unafungulia uzi? Mwanaume mzima na mvi zako. Tumia lugha fupi: huna hela.

Mtoa mada: Chuma, mimi sililii hela. Nalilia KILE KIPANDE CHA NYAMA.

Fundi Wembe: Mkuu pole, lakini usitupige kamba. Mimi kazi yangu ni hiyo ya kubandika na kubandua. Kule Japani vioo vya milango ya mbele vinatakiwa vipitishe mwanga asilimia 70 kwenda juu. Vya nyuma ndivyo wanavyoviachia viwe na giza. Kwa hiyo kama alikuambia "dereva sikuoni", hilo giza la mbele ni la Dar hii hii. Shusha kioo kidogo, pitisha ukucha kwenye ukingo wa juu. Ukigusa kamstari, hiyo ni karatasi ya tinted iliyobandikwa. La kiwandani limo ndani ya kioo, hata ukwangue na wembe mpaka Pasaka halitoki.

Mtoa mada: Fundi, za mbele alibandika aliyeniuzia gari.

Fundi Wembe: Kila anayekuja hapa kwangu aliuziwa hivyohivyo. Huyo muuzaji mmoja sijui anamaliza saa ngapi.

Kobe wa Goba: Hahahaa, uzi umeshaingia maji.

Mtoa mada: Nimepitisha ukucha. Kamstari kapo. LAKINI HATA HIVYO. Yeye hakuchokonolea meno mbele, alichokonolea nyuma! Kioo cha nyuma ni cha Mjapani!

Fundi Wembe: Cha nyuma nacho naona umeongezea. Mtu akijiona mpaka ukucha, mimi nashuku hicho si kioo cha kiwandani kitupu. Ukichukua karatasi ya asilimia 35 ukaibandika juu ya kioo kinachopitisha 20, unabaki na 7. Hapo huendeshi gari, unaendesha kabati. Na mkumbuke, giza si ubaridi. Hizi za bei chee ni rangi tu, jua likizila kidogo zinageuka zambarau, na ndani unaiva vilevile. Zinazokata joto ni za seramiki, na zipo ambazo ni nyeupe kabisa.

Mama Wawili: Mimi namuunga mkono afande. Mume wangu aliweka tinted mwezi wa kwanza, eti joto. Tangu lini? Miaka tisa tumepanda naye Vitz bila hata feni, leo ngozi yake imekuwa ya maua. Juzi limenipita pale Tabata nasubiri bajaji, napunga mkono mpaka kwapa linauma, gari halisimami. Jioni ananiambia hakuniona. Shemeji zangu, tinted inamzuia wa nje kuona ndani, au inamzuia wa ndani kumuona mkewe?

Kobe wa Goba: Mama Wawili fungua uzi wako, huu hautoshi.

Chuma Chakavu: Dada, kiti cha abiria kilikuwa kimelazwa au kimesimama? Ukikuta kimelazwa urudi hapa.

Mama Wawili: Kimelazwa.

Chuma Chakavu: Pole sana dada.

Mtoa mada: Wadau turudi kwenye mada. Alivua kofia, akaiweka juu ya paa LANGU.

Abiria wa Kudumu: Nyie wenye magari mnalalamika mkiwa mmekaa. Mimi leo nimempa konda elfu tano, ananiambia "chenji mbele, mzee." Tumefika mbele, konda kabadilika. Yule wa kwanza kashuka njiani na chenji yangu, wa pili ananiuliza, "Ulimpa nani?" Nikamjibu nilimpa aliyevaa jezi nyekundu. Akasema, "Huyo alikuwa mpiga debe." Kumbe nimempa mtu tu.

Kobe wa Goba: "Kumbe nimempa mtu tu." Nimekufa.

Chuma Chakavu: Huyo afande nimemkumbuka sasa, aliwahi kunisimamisha akaniuliza mtungi wa kuzimia moto. Nikautoa. Akausoma mpaka tarehe, akaurudisha kwa huzuni. Alisikitika kabisa.

Mtoa mada: NDIYE HUYO!

Babu Mshikaki: Mleta uzi, samahani, nimesoma mara mbili sijaona. Hiyo nyama ilikuwa ya nini?

Mtoa mada: Sijui babu. Ilikuwa na kamafuta pembeni.

Babu Mshikaki: Kamafuta kameganda au kanateleza?

Mtoa mada: Kanateleza.

Babu Mshikaki: Basi hiyo ni mbuzi, ya yule kijana anayechoma karibu na mataa hayo hayo, upande wa pili wa barabara. Ananyunyizia ndimu na pilipili ya kusaga. Afande yupo sahihi kukirudisha, mimi pia ningekirudisha.

Abiria wa Kudumu: Anauza na ndizi?

Babu Mshikaki: Ndizi za kuchoma, kachumbari hailipiwi. Ila uwahi, saa mbili usiku mbavu zinakuwa zimekwisha.

Kobe wa Goba: Kachumbari ya bure Dar hii? Twendeni kundi.

Mama Wawili: Mniwekee mbavu mbili, nakuja na bajaji.

Fundi Wembe: Nipo karibu, nikifunga hapa nafika. Mleta uzi njoo na gari nikubandue kabisa, huku tunasubiri nyama.

Mtoa mada: Babu, hapo kwa mbuzi naweza kupaki sehemu ambayo yule hanioni?

Babu Mshikaki: Pandisha vioo.