Mawe ya Mji Mkongwe: yapimwe kwanza au tumwachie fundi?

Kijana wa Shangani: Wadau, nyumba kibao za Mji Mkongwe zinasubiri ukarabati, na jumba la Beit al-Ajaib mnakumbuka sehemu yake ilivyoanguka 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili. Nauliza: jiwe jipya linaloingia kwenye ukuta wa zamani lipimwe maabara kwanza (linanyonya maji kiasi gani, lina chumvi kiasi gani, linabeba uzito gani) au jicho la fundi linatosha? Na litoke wapi?

Mwamba wa Mwanza: Litoke Mwanza 😀 Huku granaiti imejaa mpaka inatuzibia viwanja. Great Zimbabwe, yale magofu ya kale kule Zimbabwe, ni granaiti tupu, haina hata chokaa ya kugandishia, na ukuta unafika mita 11. Nyie mnajengea matumbawe halafu mnalia likidondoka jumba la 1896.

Bi Forodhani: 1896 Waingereza walilipiga mizinga. Limejengwa 1883, enzi za Seyyid Barghash. Na Great Zimbabwe ina ghorofa ngapi, mwanangu? Kuta zetu zinavuta unyevu kutoka chini na kuutoa popote penye upenyo. Granaiti hainywi maji. Ukiichomeka hapo, unyevu unaizunguka, chumvi inaganda pembeni, na tumbawe la jirani linamomonyoka likawa unga. Saruji nayo ni hivyo hivyo: gonga lipu yoyote ya saruji kwenye nyumba ya zamani, utasikia imeachana na ukuta. Ndiyo kazi za hawa mafundi wa bara, hawajui kitu ila mfuko wa saruji.

Saidia Fundi: Nilijua tutafika tu. Mama, mwenye nyumba ndiye anayetaka saruji, kwa sababu chokaa inataka kuzimwa, ikae shimoni miezi, yeye anataka wapangaji mwezi ujao. Mimi nimeshaambiwa "piga saruji upesi, juu paka nyeupe" na mtu mwenye kofia ya kiua na tasbihi mkononi. Huyo katokea bara?

Bi Forodhani: Tasbihi ya watu imeingiaje kwenye mada ya mawe?

Saidia Fundi: Ilipoingia bara yangu.

Mzee Pweza: Halafu Kilwa mnaiweka wapi? Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa la karne ya 14, yote matumbawe na chokaa. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, wakaitoa 2014 baada ya ukarabati. Na watu wa kale hawakuokota jiwe lolote tu: la kuta walichimba nchi kavu, la mihrabu na nakshi walilikata baharini likiwa bichi, laini, linachongeka, kisha hukauka likawa gumu. Hiyo si vipimo?

Bi Forodhani: Kilwa ni Waswahili wenzetu. Siiti bara.

Mwamba wa Mwanza: Kumbe bara ni mahali pasipo na sifa 😂

Kijana wa Shangani: Jamani, vipimo! Nimesikia unatia kipande cha chokaa ya zamani kwenye tindikali, chokaa inayeyuka, mchanga unabaki, unajua uwiano wake.

Mzee Pweza: Hiyo ni kwa wenye mchanga wa mtoni. Wa kwetu una vipande vya matumbawe na kombe, tindikali inakula vyote pamoja. Utabaki na majimaji na ripoti. Jiwe lipime kirahisi: likaushe, lipime mizani, lizamishe usiku kucha, lipime tena. Fanya hivyo na la ukutani na jipya. Maji yaliyonywewa, ukilinganisha na uzito wa kila jiwe, yakipishana sana, rudisha.

Saidia Fundi: Hilo nalikubali, tena mizani ya sokoni inatosha. Ila jiwe lenyewe linatoka wapi siku hizi? Kukata matumbawe hai baharini hakuna anayekutakia heri. Wengi wanabomoa gofu moja kuponya jingine, halafu wanaita uhifadhi.

Kijana wa Shangani: Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Saidia Fundi: Subiri, sijamaliza na Bi Forodhani. Nyumba yako, mama, nani anaishika sasa hivi?

Bi Forodhani: Kijana mmoja, kazi yake safi, chokaa anaizima mwenyewe. Si kama nyie.

Saidia Fundi: Kwao wapi?

Bi Forodhani: Lindi.

Mwamba wa Mwanza: 😂😂😂

Bi Forodhani: Lindi ni pwani!