Mrejesho: mashindano yetu ya frisbi hapa Goma

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliwauliza nitaandaaje mashindano ya frisbi (mchezo wa timu mbili kurushiana kisahani cha plastiki) ya timu nne, bila refa wala uwanja wa majani. Yamefanyika Jumamosi.

Refa kweli hakuhitajika, wachezaji hujisimamia wenyewe. Mabishano yalikuwepo, tena makali, ila ile kanuni ya kurudisha kisahani kwa aliyerusha mkishindwa kukubaliana ilituokoa. Kiwanja kamili ni mita 100 kwa 37, watu saba kila upande; sisi tulikipunguza, tukacheza watano watano. Mliosema tuokote mawe ya volkano asubuhi, aksanti sana. Tulijaza chukudu (kile kibaiskeli chetu cha mbao cha kubebea mizigo) moja na nusu, na bado kijana mmoja aliruka kudaka akainuka goti limechunika kama muhogo uliomenywa. Akagoma kutoka.

Kosa langu ni kuanza mchana. Upepo wa ziwa ulipoamka, kisahani cha gramu 175 kikawa kinamrudia mrushaji mwenyewe! Fainali tuliikata kwa 9 kwa 7 badala ya kufika pointi 15, giza lilishaingia. Mama wa maandazi alimaliza beseni kabla ya nusu fainali, anauliza lini tena.