Tupeane uzoefu: taa gani ilikumalizia betri, na siku hizi unajikinga vipi?

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, naanza mimi ili mwingine asione aibu. Mvua ilinikuta njiani mchana, nikawasha taa kubwa. Nafika ninakokwenda, jua limeshatoka kali. Juani nani anaziona taa zake? Niliporudi jioni nikazungusha ufunguo, stata ikajibu ta-ta-ta-ta, halafu kimya.

Fundi umeme akanipigia hesabu. Balbu moja ya mbele ni wati 55, mbili 110, ukijumlisha na za nyuma unakaribia ampea 10. Betri ya ampea-saa 50 haifikishi saa tano ikiwa hai. Na stata hugoma mapema zaidi, maana yenyewe inataka zaidi ya ampea 100 kwa mpigo.

Siku hizi nikishafunga mlango lazima nizunguke mbele ya gari kabla ya kuondoka. Jirani anadhani nakagua mikwaruzo. Leteni zenu.

#2
Mimi niliponzwa na kengele. Gari langu hulia ukifungua mlango wa dereva na taa zinawaka, kwa hiyo nikaacha kabisa kufikiria habari za taa. Kumbe swichi ya mlango, kale kadude kanakobonyea kwenye fremu, ilikuwa imeota kutu. Gari halikujua kwamba mlango umefunguliwa, litalia vipi? Mkitaka kujua yenu ni nzima, fungua mlango wa dereva uone kama taa ya ndani inawaka. Kwa magari mengi ni swichi hiyohiyo.

#3
Yangu ilinisumbua karibu wiki mbili. Kila baada ya siku mbili tatu, asubuhi betri imelala. Nikabadilisha betri, tatizo likabaki palepale. Kila mtu ananiambia alteneta (inayochaji betri injini ikiwaka), alteneta ikapimwa, nzima. Siku moja natoka usiku kuanua nguo, naona ukuta nyuma ya gari ni mwekundu. Taa za breki zinawaka na hakuna mtu ndani!

Kwenye pedeli ya breki kuna kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachobonyeza swichi unapoachia mguu. Changu kilikauka kikamomonyoka, vipande nikavikuta kwenye kapeti. Kwa hiyo swichi ilikuwa inaamini nimekanyaga breki usiku kucha. Balbu mbili za wati 21 zinatosha kabisa kufanya kazi hiyo mpaka alfajiri, hasa betri ikiwa imechoka. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko kifungo cha koti. Ile betri mpya niliyonunua bure naiangalia tu.

#4
Taa ya buti. Utajuaje kama inazima ukifunga? Washa simu irekodi video, iweke ndani, funga, hesabu mpaka kumi, fungua utazame. Kisanduku cha dashibodi nacho vivyo hivyo.

#5
Yangu inazima taa yenyewe, haya yamenipita 😀

#6
#5 usijisifu mapema. Inazima swichi ya taa ikiwa kwenye alama ya AUTO. Fundi au mwosha magari akiizungusha, huenda uko kundi moja na sisi.

Mimi gari langu ni la Ulaya. Nilizima kila kitu, nikatoa ufunguo, ila mkono wa indiketa ulibaki umeelekea kushoto. Magari mengi ya huko yanaelewa hivyo kwamba unataka taa ndogo za upande mmoja zibaki zinawaka, watu wasikugonge ukiwa umepaki kando ya barabara. Mwezi mzima nilidhani gari lina pepo, mpaka niliposoma kitabu chake.

#7
Naongezea kwa ambao yameshawakuta. Ukibustiwa, yaani kuwashiwa kwa betri ya gari jingine, waya wa chanya funga chanya kwa chanya. Wa hasi, funga kwenye betri nzima kwanza, ncha ya mwisho ishike chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri. Cheche juu ya betri ni hatari, maana betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Halafu msidanganyike kwamba mwendo wa dakika 20 umejaza betri. Iweke kwenye chaja usiku kucha, iache itulie, pima: iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikiachwa tupu kwa siku kadhaa, bamba zake za madini ya risasi hufanya ukoko wa salfeti na haitarudi kama zamani. Na wenye otomatiki, msiwachoshe watu kusukuma, haliwaki kwa kusukumwa.

#8 (mwanzisha mada)
#3, nimetoka kuinama chini ya usukani na tochi sasa hivi. Kipande cha pedeli kina ufa katikati. Kesho asubuhi niko kwa fundi.