Daftari la usomaji la ubunifu: la vidoti, la ringi au lililochapwa tayari?

Msomaji Mchanga
Habari wadau. Nataka kuanza daftari la usomaji, lile la kupambwa: picha za majalada, nukuu, rangi, na maoni yangu juu ya kila kitabu. Sijawahi kuwa nalo. Kesho kutwa naenda kununua na nimebaki na chaguo tatu: daftari la vidoti (kurasa zake zina vidoti badala ya mistari) lililoshonwa, faili dogo la ringi, au lile lililochapwa tayari lenye nafasi ya jina la kitabu, mwandishi, tarehe na nyota. Lipi linamfaa anayeanza?

Kurasa Mia
Karibu, ila hujatupa cha kushika. Unaandika kwa kalamu gani? Utapaka rangi za maji au penseli tu? Unasoma vitabu vingapi kwa mwaka? Utalibeba kwenye mkoba au litakaa mezani?

Bi Wino
Hata kabla hajajibu, mimi nasema la vidoti, saizi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210. Vidoti vikiachana milimita 5 vinakuongoza kuchora jedwali, na ukishaandika huvioni tena. Lililoshonwa kwa uzi hulala wazi mezani. La gundi tupu hujifunga lenyewe, na ukilikandamiza kurasa zinaanza kuchomoka. Uliza uzito wa karatasi pia. Gramu 80 kwa mita ya mraba zinatosha bolpeni, lakini wino wa majimaji na maka utauona upande wa pili. Tafuta 100 au 120.

Ringi Daima
Kwa anayeanza, ringi. Ukiharibu ukurasa unautoa, maisha yanaendelea. Unaweka karatasi nzito za kuchorea na nyepesi za kuandikia ndani ya faili moja, na mashairi yote unayakusanya sehemu moja hata kama uliyasoma miezi tofauti. Daftari lililoshonwa likiharibika ukurasa wa tatu, kila ukilifungua unaukuta.

Mama Rafu
Nisikilizeni kwanza, maana mimi yamenikuta. Nilinunua daftari zuri la gramu 80, nikaanza na ukurasa wa rafu: nilichora vitabu 50 vitupu, ili kila nikimaliza kimoja nikipake rangi na kuandika jina mgongoni. Siku mbili nzima nilichora rafu, sikusoma hata sura moja. Nikapaka rangi za maji, karatasi ikajikunja, na ilipokauka ikabaki na mawimbi. Picha za majalada nilizibandika kwa gundi ya maji. Kurasa mbili zikashikana, na nilipozitenganisha nikang'oa maoni niliyoyaandika usiku uleule nilipomaliza riwaya iliyoniliza. Niliketi kuyaandika upya, hayakuja.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ile rafu. Mwezi wa tisa ulipofika nilikuwa nimepaka vitabu 17. Nikaanza kuchagua vyembamba ili ijae. Riwaya nene niliyokuwa naipenda niliiacha katikati. Daftari likawa ndilo linaloniamulia cha kusoma! Nililifunga, na kwa miaka miwili sikuandika chochote. Siku hizi nachora kitabu kimoja tu nikishakimaliza. Tafadhali usianze na rafu.

Kurasa Mia
Pole sana dada. Hapo kwenye maoni yaliyong'oka nimekuelewa kabisa. Gundi kavu ya kusugua haileti balaa hilo.

Msomaji Mchanga
Asanteni. Natumia kalamu ya jeli. Rangi za maji nazo nazitaka, kidogo. Vitabu sijawahi kuhesabu.

Bi Wino
Basi paka rangi kwanza, iache ikauke kabisa, ndipo uandike. Baadhi ya jeli huchuruzika zikiguswa na maji. Jaribu kila kalamu kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kuigusisha mahali pengine.

Mtaratibu
Mbona lililochapwa hamlitetei? Mimi mwaka wa kwanza nilitumia hilo na nililijaza lote kwa sababu hapakuwa na cha kubuni. Unamaliza kitabu, unajaza, unalala.

Mpenda Nukuu
Na kitabu ulichokiacha katikati unakijaza wapi? Na mkusanyiko wa hadithi kumi, nyota ngapi? Nyota zinaua maoni. Ukishaweka tatu, huandiki tena kwa nini. Andika sentensi moja iliyokukaa kichwani, na chini yake maneno yako mwenyewe.

Mtaratibu
Nyota zinanisaidia kukumbuka. Baada ya mwaka siwezi kurudia kusoma kurasa zote.

Mpenda Nukuu
Kukumbuka ni kazi ya faharasa. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha njia yake ya faharasa mwaka 1686: unachukua herufi ya kwanza ya neno kuu na irabu ya kwanza inayofuata. Subira inaingia S-u, safari inaingia S-a. Unaandika namba ya ukurasa, basi.

Ringi Daima
Nimejaribu kwa Kiswahili. Ukurasa wa M-a hujaa kabla ya mengine yote: maisha, mapenzi, mauti, majuto, masikitiko. Kwenye ringi naongeza karatasi nyingine. Kwenye daftari lililoshonwa mtafanyaje?

Mpenda Nukuu
Unaendelea kwenye ukurasa wowote mtupu na kuandika namba yake. Ila M-a umenifikirisha. Labda tupange kwa mzizi, maisha iende na ishi?

Mtaratibu
Mzizi wa mauti utauweka wapi?

Msomaji Mchanga
Samahani, kuna jambo nimelisahau. Naandika kwa mkono wa kushoto. Linabadilisha kitu?

Kurasa Mia
Hilo ungelisema mwanzo! Kwenye kurasa za kulia kiganja chako kitalalia ringi, na jeli utaipangusa kabla haijakauka.

Ringi Daima
Anachomoa karatasi, anaandika mezani, anairudisha.

Bi Wino
Kila siku achomoe na kurudisha? Matundu yatachanika.

Ringi Daima
Yangu yana miaka minne.

Mama Rafu
Mwanangu, kabla ya kununua andika kitabu unachosoma sasa kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Umefika wapi nacho?