Mama ana presha, kachanganya vidonge vya mafua na Panadol. Naombeni ushauri

Mwana Korogwe
Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa wangu yuko Korogwe, miaka 63, ana presha na anatumia amlodipini kila asubuhi. Juzi mafua yamemkamata vibaya, kichwa na mwili vinamuuma. Binti wa nyumbani akatumwa duka la dawa, akarudi na vidonge sita vya mafua kwenye bahasha. Nje imeandikwa 1x3 kwa peni, jina la dawa hakuna. Mama alipoona kichwa hakitulii akaongezea Panadol mbili mbili, asubuhi, mchana na usiku. Leo ni siku ya pili na moyo unamwenda mbio. Jirani mwenye mashine kampima: 168/96, wakati kawaida yake haivuki 140 ile ya juu. Kula hataki, uji vijiko viwili basi. Ni mafua au ni dawa? Mimi nipo Dar, nisaidieni kabla sijapanda basi.

Babu Tangawizi
Pole mkuu. Mafua ni tangawizi, limao na asali. Mengine tunajitafutia wenyewe. Naweka kambi hapa wataalamu waje.

Mtu wa Dirishani
Mimi ni mfamasia. Mkuu, hizo za mafua zina nini ndani? Waambie wageuze kile kipande cha karatasi ya kidonge, wakusomee maandishi ya nyuma.

Mwana Korogwe
Nimepiga simu ya video. Wamekata na mkasi, jina limeliwa. Yamebaki "…tamol 500 mg", chini yake "…ephrine", halafu "…amine 4 mg".

Mtu wa Dirishani
Basi tuhesabu. Hiyo "tamol" ni parasetamoli, na Panadol nayo ni parasetamoli ileile. Tatu za mafua na sita za Panadol ni vidonge tisa, yaani gramu 4.5 kwa siku. Mtu mzima mwenye afya mwisho wake ni gramu 4 ndani ya saa 24, vidonge vinane. Mama ana kilo ngapi? Akiwa chini ya 50, tena hali chakula, hata hivyo vinane ni vingi kwake.

Asimeze tena hata kimoja, za mafua wala Panadol. Aende hospitali leo, na abebe bahasha na vipande vyote. Msisubiri aanze kutapika au macho yawe ya njano, maana parasetamoli ikizidi huumiza ini, na siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima kabisa. Dawa ya kuliokoa ipo, ila inataka kuwahiwa.

Hiyo "ephrine" ni fenilefrini. Kazi yake ni kubana mishipa ili pua ifunguke, na mishipa ikibanwa presha inaweza kupanda. Homa na maumivu navyo vinachangia, siwezi kuitupia dawa lawama zote. Kinachoniudhi ni kwamba Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura 16 kwa 0 kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa dozi hizi za kawaida, haifungui pua. Mgonjwa wa presha anaibeba bure.

Amlodipini asiache.

Konda Mstaafu
Na hiyo "amine 4 mg" ndiyo Piriton, muulizeni mimi. Nilikuwa na lori la Tunduma, nikameza mbili pale Mikumi. Kabla ya Kitonga nikashtushwa na changarawe, tairi za kushoto zote ziko nje ya lami. Siku hizi nameza nikishapaki na ufunguo nimempa utingo.

Chuma Hakiliki
Mnatisha watu tu. Mimi nashushia na bia mbili, mwaka wa kumi huu, na nipo.

Mtu wa Dirishani
Ini halipigi kelele mkuu, ndiyo shida yake. Pombe na parasetamoli zote zinapita humohumo. Na ukichanganya pombe na Piriton, omba usiwe barabarani.

Mama Wawili
Samahani kuingilia uzi. Wangu ana miaka 4, naweza kumvunjia nusu?

Mtu wa Dirishani
Usivunje dada. Chini ya miaka 6 hizi za mchanganyiko hapewi. Mpe dawa ya maji ya parasetamoli peke yake, kwa kadiri ya kilo zake, na matone ya maji ya chumvi puani. Akiwa na homa, apimwe malaria kabla hujaiita mafua. Hata bi mkubwa wa Korogwe wampime.

Mwana Korogwe
Mrejesho, wakuu. Nilifika usiku, binti alikuwa keshampeleka. Ana kilo 47. Malaria hakuna, kipimo cha kwanza cha ini hakijaonyesha tatizo, wanarudia kesho. Presha asubuhi hii 148/88. Daktari alipomuuliza amemeza Panadol ngapi, akajibu, "Chache tu mwanangu, nyingine zilikuwa za mafua." Bahasha alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli.